Nimecheza Ngoma, na Matanga ya Baba Hayajaondolewa

Mama yangu mzazi,

Mwakeye, kama tunavyosalimiana kwetu. Najua umekaa mlangoni kwenye kigoda, miguu umeinyoosha juani, na Deo amesimama anakusomea kwenye simu yake huku anapepesa macho. Deo, mdogo wangu, kaa chini. Barua ni ndefu. Nimeiandika kwa kalamu, kisha nikaipiga picha karatasi moja moja, kwa hiyo ukivuta herufi zitakuwa kubwa. Na ukifika mahali pasipokupendeza usiruke, maana Mama atajua. Alitukamata sisi sote wawili tulipokuwa tukiruka mafungu ya rozari.

Presha inaendeleaje, Mama? Ulikwenda Kabanga kuchukua dawa, au bado unangoja mpaka kichwa kigonge ndipo ukumbuke? Na lile goti? Nasikia mvua zimenyesha vizuri na maharage ya bondeni yamekubali. Nashukuru. Hata kama siyali, nikisikia yamekubali nalala na usingizi.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Sisemi uchovu wa siku moja wa kutoka shamba, ukinawa miguu na kula unaisha. Huu nalala nao naamka nao. Kazi ni ileile ya kutunza wazee katika nyumba yao. Naingia alfajiri, nawainua kitandani, nawaogesha, nawalisha, nawabadilisha, na nikimaliza wa mwisho, wa kwanza ameshalowa tena. Mwenzangu mmoja ameacha kazi, kwa hiyo siku nyingine nafanya zamu mbili. Mgongo nimeufunga mkanda kama mpakia mizigo. Huku ni kisiwani, maji kila upande, na watu wanatoka mbali sana kuja kupumzika. Mimi tangu nije sijawahi kuingia baharini zaidi ya vifundo vya miguu.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Naandika kwa sababu kwenye simu nakudanganya. Ukiniuliza, "Goda, utakuja lini?" nasikia sauti yako nasema, "Mwakani, Mama, Mungu akijalia." Nimesema hivyo mara ngapi? Kwenye karatasi hakuna sauti yako, labda nitaweza.

Sasa nikueleze mkasa wenyewe. Kuna bibi mmoja ninayemtunza, anaitwa Bibi Meri. Ni mwenyeji wa visiwa hivi, mzee sana, miguu haimbebi tena, lakini mdomo hauna ugonjwa. Chai ikipoa atakuambia, nywele zako zikisimama atakuambia. Alipokuwa msichana alikuwa mcheza ngoma wa kwao, na hilo nimeambiwa kila siku ninapomvisha soksi. Basi binti yake aliamua kumpeleka kwenye sherehe wanayoiita luau, ya kula, kucheza na kutembelea bustani ya mimea ya kwao. Bibi Meri akasema haendi bila mimi. Nilikuwa nimetoka zamu, nataka kitanda tu, lakini mzee akishasema utafanyaje.

Mlangoni wakatuvalisha mashada ya maua shingoni. Kila mgeni anavalishwa, ndiyo karibu yao. Mimi niliposhikwa bega na kuvikwa lile shada nilishtuka nikarudi nyuma. Mara ya mwisho kuona mashada ya maua mengi namna ile ilikuwa kwenye simu, juu ya kaburi la Baba. Unakumbuka nilivyozika, Mama. Nilijifungia kwenye chumba cha mashuka kazini, kwenu ni mchana, huku ni usiku, na picha ikaganda wakati jeneza linashushwa. Iliporudi mlikuwa mnanawa mikono. Sikumwona Baba akiingia ardhini, na nadhani ndiyo maana haijaniingia akilini kwamba hayupo.

Shada sikulivua. Ningelivua ningewaudhi wenye sherehe.

Tukapelekwa bustanini. Nilikuwa nasukuma kiti cha magurudumu kwenye njia ya kokoto, jasho linanitoka, mara nikaona kitu gani? Magimbi, Mama. Amateke kabisa, kama yale ya kule mtoni kwetu, majani mapana yanatikisika, yamepandwa kwenye tope lenye maji yanayopita. Nilisimama kama nimekutana na mtu wa ukoo. Mama mmoja wa makamo, ambaye ndiye mwenye kuonyesha bustani, akaeleza kwamba kwao gimbi ni kaka mkubwa wa binadamu, lilizaliwa kwanza, halafu ndipo akazaliwa mtu, kwa hiyo linaheshimiwa. Kisha akauliza nani anataka kujaribu kupanda. Wageni wakaangalia viatu vyao.

Nikavua vyangu nikaingia. Sikufikiri. Nilichukua lile shina lililokatwa likaachiwa kipande cha juu cha gimbi, nikalisukuma kwenye tope, nikalikanyagia kwa kisigino kushoto na kulia, kama ulivyotufundisha, nikachukua la pili na la tatu. Yule mama akaniuliza nimejifunza wapi, nikamwambia kwa mama yangu, Kasulu. Hajui Kasulu ni wapi, lakini aliniangalia miguu akasema kazi naijua. Mama, nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Tope lilikuwa baridi na mgongo ulisahau kuuma.

Halafu wakafukua nguruwe. Wanamzika mzima bila kumkatakata kwenye shimo, juu ya mawe ya moto, wanamfunika kwa majani ya migomba na udongo, wanamwacha huko siku nzima. Walipofunua na mvuke ukapanda na harufu ya jani la mgomba lililoungua, nilimwona Baba. Simaanishi mzimu, Shangazi asije akaanza maneno. Nilimwona kwa kumbukumbu, amechuchumaa kwenye shimo lake la kuivishia ndizi za pombe, anafunua jani kidogo anaingiza pua, anasema, "Bado kesho." Hata kama zimeiva alikuwa anasema bado kesho.

Chakula kilikuwa kingi. Nguruwe, samaki, viazi vitamu vya rangi, na uji mzito wa magimbi yaliyopondwa, wa zambarau, una uchachu. Wageni walikuwa wanauonja kwa ncha ya kijiko. Mimi nilimaliza bakuli langu na la binti yake Bibi Meri.

Sasa Deo, hapa ndipo usiruke.

Baada ya kula ngoma zikaanza. Wanacheza taratibu, kiuno na mikono, na Bibi Meri alikuwa ananitafsiria: huu mkono ni mvua, huu ni mlima, huu ni mtu anaita. Yeye mwenyewe vidole vilikuwa vinacheza mapajani. Mshereheshaji akawaita wageni waliotoka mbali wapande jukwaani wajifunze. Bibi Meri akanisukuma kiuno. Nikakataa. Akanisukuma tena. Nikamwambia nimechoka, ni kweli nilikuwa nimechoka. Ndipo akasema, "Miguu yangu imekufa. Nenda na yako, ukacheze kwa niaba yangu."

Nitamkataliaje mtu ninayemwogesha kila siku? Nikapanda.

Wakatuonyesha jinsi ya kupeleka mkono huku na kiuno kule. Mimi nikajaribu, lakini ngoma ilikuwa inapiga karibu yangu, ngoma kubwa ya gogo, na kifua kikaanza kuitika. Sijui ilikuwaje. Mikono ikapanda yenyewe juu ya kichwa, imepinda kama pembe za ng'ombe, na miguu ikaanza kukanyaga kwa nguvu, ile ya kwetu, ile ambayo Baba alikuwa akicheza kwenye harusi mpaka koti linamtoka. Ngoma ya kwao haichezwi hivyo hata kidogo. Watu wakaanza kupiga makofi, yule mpiga ngoma akanifuata akaongeza mwendo, na mimi nikacheza, Mama. Nilicheza kwa moyo wote, nikitabasamu. Kwenye kona ya jukwaa nikageuka kama alivyokuwa akigeuka Baba, na ndipo nikakumbuka.

Nikakumbuka kwamba niko katika matanga.

Mikono ilibaki juu, miguu ikasimama. Nilishuka nikakaa chini kando ya kiti cha Bibi Meri nikalia. Nililia kwa sauti, katikati ya watu waliokuja kupumzika. Mimi, ambaye siku ya mazishi nilimwambia Shangazi Verediana kwenye simu, "Msiondoe matanga bila mimi. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza." Nilitaka niwepo siku ya kuganduka, siku ya kuondoa matanga, mrija wa kwanza wa pombe ya ndizi nipewe mimi, kisha ndipo huzuni itoke ndani ya nyumba na watu waruhusiwe tena kuoa na kucheza na kuimba. Na mkanisikiliza. Tangu wakati huo mnaningoja. Deo ameahirisha harusi mara mbili, na ndugu za Leokadia kule Munanila nasikia wameanza kuuliza kama binti yao atazeeka akiwa mchumba. Wewe hujaimba kwaya tangu Baba afe, wewe ambaye bila sauti yako wale wenzako hawajui pa kuanzia. Nyumba nzima mmeifunga kwa neno langu, na aliyelisema kapanda jukwaani kucheza.

Bibi Meri hakunibembeleza. Aliuliza kulikoni, nikamweleza kama nilivyokueleza. Akauliza swali moja. "Wanajua kwamba huwezi kwenda?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi waambie," akasema, "unawachelewesha." Kisha akamwambia binti yake amfungie vile vitamutamu vya nazi kwenye karatasi, wasiviache vikatupwa.

Nimekaa na swali hilo wiki nzima, nikiosha watu, nikipanga mashuka. Mama, siwezi kuja. Sio mwaka huu, na mwakani sijui. Karatasi zangu za kuishi huku ziko kwenye kubadilishwa, jambo ambalo Bibi Meri nilishamweleza zamani, na maofisa wamesema wazi nikitoka kabla hazijakamilika mlango unafungwa nyuma yangu. Nilijua hivyo tangu mwanzo. Nilijua hata siku ile nilipomwambia Shangazi mnisubiri. Nilisema vile kwa sababu nilitaka kuwe na kitu kimoja tu nyumbani ambacho hakiwezi kufanyika bila mimi. Nisamehe. Deo, nisamehe na wewe, na umwambie Leokadia kosa ni la wifi yake.

Kwa hiyo nalirudisha lile neno. Deo, kafukue shimo la Baba, safisha majani ya zamani, uzike ndizi. Usimsikilize mtu atakayekuambia tayari, wewe sema bado kesho, kisha ufunue keshokutwa yake. Padri aje asome misa, majirani waje, mrija wa kwanza apewe Mama. Halafu anzeni kupanga harusi bila kuniuliza.

Nisalimie Shangazi Verediana. Mwambie nimecheza kabla ya wakati, simfichi, na akitaka kunigombeza nipo, anigombeze hadi achoke. Nisalimie Baba Mdogo Silvesta, mwambie zile ngumi alizokuwa akipiga hewani Baba anapocheza nimezikumbuka. Nisalimie mwalimu mpangaji wetu, yule mama wa Tanga, namshukuru kwa kukupima presha jioni na kwa kuvumilia Kirundi chako unapokasirika. Na mwenyekiti wa kwaya mwambie ajiandae, sauti ya kwanza inarudi.

Siku mtakayochagua niambieni mapema, nitabadilishana zamu. Picha sitaki, picha inaganda. Deo aweke simu karibu yako tu, kifuani, basi. Mimi kucheza nimeshacheza, Mama, sehemu yangu nimeimaliza. Sasa nataka kusikia ukiimba.

Ni mimi binti yako,

Godeliva