Kilio cha Uongo Mbekenyera

Jumamosi. Joto limebana tangu asubuhi, mawingu yamejaa na mvua haishuki. Na mimi roho iko hivyo hivyo.

Leo tumerekodi kilio. Filamu yangu ina watu watatu na simu moja: mimi nashika simu, binamu yangu Hadija anashika maiki iliyofungwa kwenye mpini wa jembe, na Mama anaigiza mjane kwa sababu ndiye pekee asiyedai malipo. Nilimwambia alie kidogo tu, hapo uani kwetu.

Mama hajui kulia kidogo.

Nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa Mbekenyera analijua. Harusi watu hualikwa, kilio husikika tu. Sikuwa nimemwarifu jirani hata mmoja. Baba naye yuko Nachingwea tangu Alhamisi, kwa hiyo kila aliyesikia alijua nani kafa. Wanawake waliacha korosho zao chini, wakaja, wakakaa mkekani wakalia na Mama. Bi Somoe, jirani yetu mzee anayetembea kwa fimbo, alileta unga kwenye bakuli.

Ningeweza kusema palepale. Sikusema. Niliona uzuri wa ile picha nikaiacha simu irekodi dakika kumi na moja nzima.

Nilipowaambia, wawili watatu walicheka, wengine wakaondoka kimya. Bi Somoe alinitazama.

"Mjukuu wangu, kama babako mzima, mimi nimemlilia nani?"

Hadija alimrudishia bakuli la unga, Bi Somoe akakataa. "Unga wa kilio haurudi nyumbani."

Basi uko jikoni, na hakuna anayethubutu kuusonga. Mama kaniuliza swali moja tu: siku tukilia kweli, atakuja nani?

Nimeitazama picha hiyo mara nne. Sijawahi kurekodi kitu kizuri kama hiki, na bila hiyo sina filamu. Mara ya nne ndipo nilipovaa spika za masikioni. Chini ya sauti ya Mama, Bi Somoe analia kwa Kimwera, polepole, akiita jina la Saidi. Ni mwanawe, alimzika mwaka juzi.

Nimeona aibu mpaka nikazima simu.

Kesho nitakwenda kwake kabla ya chai, nimsikilizishe. Akisema nifute, nitafuta. Namwomba Mungu asiseme, na dua yenyewe inanitia aibu.