Aliyeandika Lilipo Kaburi la Babu

Dada Skola,

Shikamoo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako hapo nyumbani inashikwa na kila mtu, na haya nataka uyasome kwanza ukiwa peke yako. Mgongo unaendeleaje? Shemeji aliniambia mlipomaliza kupandikiza mpunga ulikaa siku tatu huwezi kuinama. Na mtoto wako wa mwisho, kile kikohozi kimeisha? Mimi mwili ni mzima. Bado nafua mashuka kwenye ile nyumba ya wazee hapa Uingereza, kazi ni ileile, ila baridi imezidi na vidole vinapasuka kwa sabuni.

Dada, nataka kukueleza habari za Mjomba Blasius. Kifo chake ulinijulisha wewe mwenyewe. Ninachotaka kukueleza ni kilichomfukuza hapo kijijini Idete.

Nilipofika huku sikuwa na mtu wa kuongea naye. Pale kazini kuna mzee mmoja anaitwa Bwana Clive, ambaye maisha yake yote amekusanya nembo za kijeshi: beji za kofia, za mabegani, hadi vifungo vya makoti. Yeye na wenzake wa nchi nyingi wana jukwaa lao mtandaoni. Wanaoneshana beji na kubishana ipi ni halisi na ipi ni bandia. Siku moja nikimtandikia kitanda aliniuliza natokea wapi. Nilipomwambia bonde la Kilombero, akaketi wima. Akasema vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipita huko kwetu, na kwamba sehemu ya Afrika Mashariki kwenye jukwaa lao imevurugika. Picha hazina maelezo, nyingine zimewekwa mara tatu, na majina ya vijiji yameandikwa ovyo. Akaniomba nimsaidie kuzipanga.

Nikazipanga. Kila siku ya mapumziko nilikaa na zile picha. Kila beji niliipa ukurasa wake: picha ya mbele na ya nyuma, imetengenezwa kwa madini gani, ilivaliwa na askari wa kikosi gani, ilipatikana wapi. Nilisahihisha majina ya mahali. Baada ya miezi kadhaa wakanipa cheo, mtunza rejea wa Afrika Mashariki. Dada, huku kazini wananiita "yule wa mashuka". Kule kwenye jukwaa watu waliosoma sana waliniuliza swali wakasubiri nijibu. Nilikipenda kile cheo kupita kiasi.

Ndipo mkaamua kujengea kaburi la Babu, yule babu yake Mama aliyekuwa askari wa Mwingereza. Mlipochimba msingi udongo ukaporomoka upande mmoja, ile beji ya kofia aliyozikwa nayo ikaonekana. Mjomba akaipiga picha kwa simu yake akatutumia kwenye kundi la familia. Mama akaamuru irudishwe palepale ilipokuwa, na mkaweka saruji juu yake.

Picha ile niliiweka kwenye jukwaa mimi.

Walishangilia sana. Walikuwa na beji ya aina hiyo moja tu, tena imevunjika. Bwana Clive akaniambia ukurasa usiotaja mahali hauna maana, niandike ilipopatikana. Nikaandika kijiji cha Idete, shamba la ukoo wetu, kushoto mwa njia ya kwenda mtoni, mwisho wa majaruba ya mpunga, kaburi jipya la saruji lenye msalaba wa bluu. Nikaongeza kwamba beji bado imo ndani. Hilo la mwisho hakuna aliyeniomba. Nilitaka wajue kwamba kwetu kuna kitu ambacho wao hawana.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Yule mgeni wa Kizungu alifika, akamwambia mwenyekiti wa kitongoji kwamba anatafiti makaburi ya askari wa zamani. Akaja na mashine ya kutafutia chuma ardhini na vijana aliowatoa mjini. Alichagua Jumapili, wote mko kanisani kigangoni, isipokuwa Mjomba aliyekuwa amelala na malaria. Mliporudi mkakuta saruji imepondwa kwa nyundo na mifupa ya Babu imetupwa ndani ya jaruba lenye maji. Ulinisimulia jinsi Mama alivyoingia kwenye tope na nguo zake za kanisani, akaokota mfupa mmoja mmoja akiuweka kwenye kanga, na taya halikupatikana. Nilikusikiliza nikiwa nimesimama kwenye chumba cha mashine za kufulia, nikijua tangu sentensi yako ya kwanza.

Sasa nije kwenye kile kikao cha ukoo cha kumtafuta aliyeuza kaburi. Mliweka simu mezani ili na mimi nisikie. Mjomba alikuwa anajitetea kwamba picha aliituma kwetu tu, na kwamba siku ile homa ilikuwa kali hata sauti za nyundo hakuzisikia. Mama akaniuliza mimi, kwa kuwa ndimi ninayejua mambo ya mitandao, picha ingewezaje kufika kwa Mzungu. Nikasema, "Mimi niko mbali, Mama. Mwenye picha ni Mjomba."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Hayakuwa marefu. Baada yake nikasikia kiti kikianguka, na Mjomba akisema taratibu, "Fideli, mwanangu, sema vizuri." Nikakata simu. Baadaye nikawaambia mtandao ulikuwa mbaya.

Mkamtenga. Jumuiya ya kanisa ikaacha kusali kwake, mabati ya nyumba yake yakang'olewa, na wewe ukaniambia Leokadia binti yake akikusalimia kanisani unageuza uso. Sikulaumu. Ulikuwa unamchukia mtu niliyekuonesha mimi. Mjomba akaenda Mchombe kulinda mashine ya kukoboa mpunga, akawa analala hapohapo kati ya magunia ya pumba na kifua chake kile kibovu.

Kuna jambo huwezi kulijua kwa sababu lilikuwa kati yangu na yeye. Miezi miwili kabla hajafa alinitumia ujumbe wa sauti. Anakohoa, anapumzika, anaendelea. Hakunilaumu. Alisema, "Mwanangu, wewe uko huko kwenye mitandao. Nitafutie aliyetangaza lile kaburi, hata jina lake tu, nimpelekee dada yangu anipokee kabla sijafa." Nikamjibu kwamba nitatafuta. Kila wiki akawa ananiuliza nimefikia wapi, na kila wiki nikamwambia bado, Mjomba, naendelea kutafuta. Alinishukuru kila mara.

Wiki hizohizo beji ya Babu ikatokea kwenye jukwaa. Imesafishwa inang'aa, iko kwenye kitambaa cheusi, inauzwa. Ushahidi wa muuzaji kwamba ni halisi ulikuwa ukurasa wangu. Mmoja akaandika kwamba ana hakika mwenyewe haihitaji tena, wengine wakacheka. Bwana Clive akanitumia ujumbe kwamba sasa tuna picha nzuri, niondoe ile ya zamani yenye udongo niweke hii. Nikaiweka. Dada, nilikaa kwenye kiti nikaondoa picha aliyoipiga Mjomba, nikaweka ya mwizi, nikaandika vipimo vyake, nikahifadhi. Kisha nikaingia zamu.

Uliponiandikia kwamba amefariki, na kwamba amezikwa na watu wa mashine kwa sababu Mama amekataa mwili wake usiletwe Idete, niliufuta ule ukurasa. Kabla zamu haijaisha walikuwa wameurudisha kutoka kwenye nakala zao. Wameondoa jina langu tu. Nilipomfuata Bwana Clive chumbani kwake akaniambia kumbukumbu si mali ya mtu mmoja, kisha akaniuliza kama shuka lake limekauka.

Wiki iliyopita nikampigia Mama nikamweleza yote. Nilitegemea atalia au atanilaani. Aliniuliza ni nani mwingine anayejua. Nikasema hakuna. Akasema, "Basi iishie hapa. Blasius ameshakufa, hawezi kuumia tena. Wewe bado unaishi, na unatakiwa uwe na mahali pa kurudi." Nikamwambia Mama, huyu ni mdogo wako wa tumbo moja. Akasema, "Najua ni nani. Nilimlea." Akaniambia nisimpigie tena kwa jambo hilo.

Usifikiri Mama hana moyo. Amezika wengi wetu, na nadhani akikubali kwamba alimfukuza mdogo wake bure, hatainuka tena. Ila siwezi kumtii. Leokadia anaitwa binti wa muuza makaburi, na wanawe wataitwa wajukuu wake, wakati mimi kila Jumapili nasomewa nia ya sala kigangoni kama mtoto wa familia aliye mbali.

Kwa hiyo barua hii nimeiandika mara mbili. Nyingine, maneno ni haya haya, nimeituma Mchombe kwa Leokadia, aliyehamia huko baada ya msiba, kupitia kwa katekista wao, siku tatu kabla ya hii yako. Ukiwa unasoma hapa, yeye ameshasoma. Nimefanya hivyo ili wewe na Mama msikae mkaamua kuificha kwa kunipenda. Leokadia akitaka kuisoma kwenye jumuiya, aisome. Akitaka mwili wa baba yake uhamishiwe Idete, msimame naye, na asiwepo wa kumuuliza kwa nini.

Msalimie Shemeji, mwambie mwaka huu asinisubiri kwenye mavuno. Wasalimie watoto, uwaeleze wewe mwenyewe kabla hawajasikia shuleni. Msalimie na mama mkubwa wa Mofu, ndiye pekee aliyempelekea Mjomba blanketi, na tulimsema kwa hilo. Mama sijui nimsalimie vipi. Mkae naye karibu siku hizi.

Usinijibu haraka, Dada. Nenda kwanza kwa Leokadia.

Ni mdogo wako,
Fidelis