Kwa Baba, Uliyesikiliza Muziki kwa Kiganja

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke asubuhi ile ya Jumapili, na bado kuna neno hatujakuambia.

Miaka thelathini na moja ulikuwa fundi wa mashine za kufuma vitambaa. Kiwandani walikuita Bwana Ishara, maana kelele zilizidi hata mkawa mnasemezana kwa mikono. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha na kutusomesha.

Ulipostaafu ukahamia kwenye santuri zako. Kila asubuhi, chai ikishanyweka, ulifuta moja vumbi, ukaiweka, ukakaa ubavuni mwa ile spika kubwa ya mbao, kiganja juu yake. Dansi likianza tu, ulicheka. "Hapa ndipo mama yenu aliponikanyaga!" Naye Mama akachungulia toka jikoni, akajibu, "Mwongo wewe! Kidole changu mpaka leo hakijanyooka!" Kisha mkawataja waliokuwa ukumbini siku ile, mmoja mmoja, nani alivaa nini, mpaka chai ya pili.

Nasi je? "Baba, punguza!" "Baba, nyumba inatikisika!" Jirani alilalamika mara moja, sisi kila siku. Mwisho, ulipokwenda kumjulia hali shangazi, tukaitoa spika, tukampa fundi redio. Uliporudi ulikuta mahali pake pana kiti, na juu ya kiti kiredio kidogo na hedifoni. "Zawadi yako, Baba. Nyimbo zako zote zimo. Sasa utasikiliza kwa raha zako." Ukatutazama. "Ahsanteni, wanangu," ukasema, ukazivaa.

Ulizivaa miezi minne. Tukajipongeza kwa utulivu wa nyumba. Mama peke yake ndiye aliyeuliza, "Mbona hacheki tena?" Tukamjibu kwamba uzee una mambo yake.

Siku moja mimi, binti yako wa kwanza, nilikuvua hedifoni nikuite mezani, nikazitia masikioni mwangu. Kimya. "Baba, mbona hiki kiredio hakina chaji?" Ukatabasamu kama mtu aliyefumaniwa. "Kiwe nayo, kisiwe nayo, kwangu ni mamoja, mwanangu. Sikutaka mjisikie vibaya."

Daktari wa masikio alitueleza: mashine zilikwishakula usikivu wako zamani. Ulibakiwa na sauti nzito tu, nazo ulizipata kwa kiganja, mbao zikitetema; maneno yetu uliyasoma midomoni. Hatukuwa tumewahi kukuuliza. Tulikimbilia kwa fundi redio, tukakuta spika imeshafunguliwa, imekuwa vipande.

Tulikuletea nyingine. Ukaiwekea mkono, ukangoja, kisha ukaita, "Mke wangu, njoo, wameanza kupiga!" Ulisikiliza siku kumi na tisa, ukaenda zako.

Tulijidanganya kwamba kuleta spika ni kuomba radhi. Sivyo. Neno lenyewe tuliona haya kulitamka, mimi na wadogo zangu. Wewe ulitusitiri miezi minne. Leo tunajivua sitara hiyo wenyewe, mbele ya kila asomaye. Tulikukosea, Baba. Utusamehe.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anashikilia kwamba wewe ndiye uliyemkanyaga, sisi wanao watatu, wakwe zako, wajukuu zako saba, na dada yako.

Hatutakusahau, maisha yetu yote.