Bunduki Iliyochaguliwa Kama Dume

Didia, Jumanne, Mei 1974

Eti bunduki inachaguliwa kama dume la ng'ombe! Baba kazipima dukani kwa mikono, akachukua bunduki ya upepo iliyo nzito na ngumu kuliko zote. Mimi, mlengaji namba moja wa Didia, hupiga nikiwa mbioni, nikifukuza ndege kwenye mtama wetu. Nilitaka ile nyepesi. Nani kanisikiliza?

Leo kabla sijamaliza kukunja mtutu kubana springi, ndege wameshashiba. Mama akacheka, "Masanja, waambie wakusubiri!"

Baba akaninyang'anya. "Lete, goigoi wewe!" Akakunja, akakunja tena, jasho likamtoka. Springi haikubanika. Kwa mwendo huu tutavuna mabua matupu.

Jioni kaninong'oneza, "Mwanangu, ile nyepesi bado ipo dukani?"

Nimechukua daftari, naandika kwanza. Na yeye asubiri kidogo.