Bwana Chai na Picha Iliyorudiwa

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Picha ya chai imerudi. Nimeona tangazo lake ukutani pa stesheni nilipokwenda kuchukua mkaa. Ni ile ile, nyumba ya wageni kando ya reli na kikombe kinachofuka, ila sasa ina rangi na waigizaji ni wengine. Jumatano wataionyesha katika bohari ya mkonge hapa Same. Moshi wanayo tayari.

Miaka minane nimeibeba picha hii mgongoni. Ilipokuja mara ya kwanza na lori, mwenye nyumba ya wageni alitia sumu kwenye chai, wageni wakafa mmoja mmoja, masanduku yao akayaficha chini ya ngazi. Na Same wakati ule nyumba ya wageni ya Mwafrika ilikuwa moja tu – yangu. Tangu siku hiyo jina langu Yusto wanalijua karani wa kodi na mchungaji. Wengine wote: Bwana Chai.

Nilianza na sufuria mbili za chai pale stesheni. Nikajenga chumba kimoja, nikapumzika, nikajenga cha pili. Leo ni tisa. Hakuna aliyenipa tofali. Nilichopewa ni jina la muuaji.

Jana wageni kumi na mmoja. Waliokunywa chai, wanne. Waliobaki waliomba maji, "hata ya mtungini tu, usijisumbue".

Mchana Hezroni amepita. Ndiye anayesimama kando ya pazia na kuwafasiria watu Kiingereza cha picha. Amekwisha kuiona hii mpya huko Moshi. Kasema safari hii muuaji si mwenye nyumba, ni dada yake. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikampa chakula bure, jambo ambalo sina tabia nalo.

Maana kuna la Koleta. Mwezi wa tano baba yake, Mzee Eliezeri wa Suji, aliwarudisha washenga wangu. Hakuuliza mali, hakuuliza dini. Alisema tu: binti yangu haendi kuishi nyumba ambayo wageni wanaogopa chai yake. Picha yenyewe hajaiona. Ameisikia kwa waliosikia.

Kesi ikishakatwa barazani haifufuliwi, ndivyo tulivyo. Lakini hii imefufuka yenyewe.

Jumatano, 7 Agosti

Nimetoka bohari. Sijui nianzie wapi.

Bohari kwanza: mabenchi kumi na manne, watu wa mabenchi thelathini. Harufu ya mkonge inakaba koo. Pazia ni shuka mbili zilizounganishwa, kwa hiyo kila mtu wa kwenye picha ana mshono usoni. Mashine ilizima mara tatu. Hezroni alikuwa na bomba lake la bati, anapaza sauti kama mwinjilisti.

Picha ni nzuri. Dada ana gauni la kijani, ananyamaza sana. Mwishoni polisi wakamfunga pingu, kaka mtu akabaki amesimama mlangoni, mikono mitupu. Safi kabisa. Nilisimama ili watu wanione.

Hakuna aliyeniona. Nje walikuwa wanagombana.

"Dada kaonewa," mwanamke mmoja akasema. "Nani alimwona yule bwana akionja?"

"Hakuonja," wakajibu wengi.

"Kwa mgeni wa kwanza hakuonja, kwa wa pili hakuonja. Anasimama tu na birika, anacheka."

Nikaelewa. Huku kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo kata izunguke. Asiyeonja ana lake. Wazungu hawana desturi hiyo! Yule anamimina, anaondoka, ndivyo walivyo. Na katika picha ya zamani hawakuhitaji kuangalia kuonja, kwa sababu sumu walimwona akiitia. Sasa hawakumwona yeyote akitia, wakatafuta ushahidi wanaoujua wao.

Nikamshika Hezroni mkono. Waambie.

"Nimewaambia polisi wamemkamata dada. Wananiuliza, polisi hao hao waliokamata wazee wetu wakati wa kodi? Niseme nini, Yusto? Mimi nafasiri tu."

Ijumaa, 9 Agosti

Koleta ameteremka sokoni kununua nyuzi za cherehani. Tumesimama mbele ya duka kama watu wanaouliziana bei.

Kasema huko juu Suji kuna vurugu. Waliotoka Moshi wanasema dada. Waliotoka Same wanasema bwana. Jana kwenye maombi kanisani watu walikaa pande mbili. Mzee Eliezeri kasikiliza wote, kisha kauliza swali moja: Yusto mwenyewe anasemaje?

"Nasema ni dada. Si amefungwa pingu?"

"Pingu nimezisikia," akasema. "Lakini yule bwana, alionja au hakuonja?"

Hilo sikuliangalia. Nilikuwa natazama mikono ya dada muda wote.

"Moshi wana ukumbi hasa," Koleta akasema. "Viti vina mto, pazia halina mshono. Nenda ukaangalie vizuri, halafu useme ulichoona. Baba hapendi mtu wa nadhani-nadhani."

Kisha akacheka kidogo. "Na mimi siwezi kukaa nashona sare za watoto wa wenzangu mpaka nizeeke, Yusto. Nenda."

Jumapili, 11 Agosti

Moshi, nimekwenda na kurudi. Mgongo unauma.

Ukumbi wa Moshi: feni mbili, sakafu imefagiwa, mashine haikuzima hata mara moja. Viti vya mto vipo, nyuma, na si vyetu. Sisi tunakaa mbele kabisa, shingo juu kama kuku anayekunywa maji. Hakuna mfasiri. Kila aliyejua maneno matatu ya Kiingereza alikuwa akifasiri kivyake, na hawakupatana.

Ilipofika chai ya mgeni wa kwanza nilikaa tayari. Kikombe kikaja kikubwa kama pipa. Mwenye nyumba akakiinua. Kikafika midomoni – nimekiona kikifika midomoni! Lakini kutoka pale mbele uso wake wote ulikuwa kidevu na pua. Alikunywa? Alipuliza? Kikashuka. Sikuona koo likitembea.

Kwenye basi kulikuwa na vijana wawili wa Mwanga, nao wametoka kuitazama. Nikawauliza kwa mbali, kama mtu asiyejali.

"Amekunywa, mzee," mmoja akasema.

"Amepuliza. Chai ya moto ile."

"Sasa mtu anapulizaje chai ya mwenzake?"

"Si ndiyo nasema ana lake."

Kisha wakakubaliana kwamba picha ya zamani ilitisha zaidi, hii ni rangi tu, na kwamba bohari ya Same ni bora kuliko Moshi kwa sababu Hezroni anachekesha. Nilikuwa nimelipa nauli ya kwenda na kurudi kusikia hayo.

Kichwa changu hakiko sawa. Nimekwenda maili zote hizo kumtazama Mzungu koo. Yeye si mimi. Mimi si yeye. Mbona naomba anywe?

Jumanne, 13 Agosti

Hezroni kasema wataionyesha mara ya mwisho Jumamosi alasiri, bohari ile ile, madirisha yatazibwa kwa magunia. Nimempa dereva wa lori la Suji ujumbe: Mzee Eliezeri aje aione kwa macho yake. Nitamlaki.

Jikoni nimemkuta Rogathe, mpishi wangu tangu vyumba vikiwa viwili, anasafisha birika.

"Bwana Yusto, kwani wewe huonji?"

Nikamwambia hii ni biashara. Mgeni amelipa kikombe kizima. Kuonja chai ya mtu ni uchafu.

"Mimi naonja kila birika," akasema. "Miaka yote. Ila niko jikoni. Nani ananiona?"

Nikahesabu kuni.

Jumamosi, 17 Agosti

Wamekuja. Mzee Eliezeri na Koleta, na vumbi la mlima wote kwenye viatu.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniangalia juu hadi chini, akakaa benchi la mbele. Wakati wa picha alikuwa akizungumza na pazia. "We mama, usile hapo. Ondoka." Watu walicheka. Hezroni akanyamaza amwachie.

Ilipokwisha tukatoka kwenye jua. Watu hawakutawanyika, walisimama wanasubiri hukumu.

"Yule si huyu," Mzee akasema kwa sauti. "Yule ana nywele."

Kicheko. Nilipapasa kipara changu, nikacheka pia.

"Na aliyeua ni dada. Mtu aliyefiwa na wageni wanne hawezi kuwa amechana nywele vizuri kama yule dada. Kuonja au kutoonja, hiyo sikuiona. Macho yangu ni ya zamani, na mshono ulikuwa hapo hapo. Yusto, twende nyumbani kwako."

Kwangu! Tukatembea, na nusu ya bohari nyuma yetu. Sasa wako barazani, wengine wamejaza dirisha. Rogathe ameleta sinia: birika, vikombe vitatu, sukari, maandazi. Mzee amevua kofia, ameiweka gotini. Kasema kwa upole, "Karibia, mwanangu. Tumiminie."

Nikamimina. Kikombe chake kikajaa, na cha Koleta. Mkono wangu ukabaki juu ya meza.

Nikionja mbele ya watu hawa wote, nimekiri kwamba kuna kitu cha kusafishwa, na kila mgeni kuanzia kesho atataka nionje chake. Nisipoonja, mimi ndiye yule wa kwenye pazia, amesimama na birika. Rogathe yuko mlangoni, mikono kwenye aproni, ananitazama. Yeye ameshaonja. Hawezi kusema, kwani hakuna aliyemwona.

Nimesema naleta sukari, nikaingia humu chumbani. Sukari iko mezani. Wote wameiona.

Mzee anakohoa. Namsikia Koleta: "Baba, inapoa."

Hajamwambia anywe. Wala kikombe chake mwenyewe Koleta sijasikia kikirudi kwenye sahani.