Nyumba ya Mama Ilikuja kwa Lori

Palma, Jumanne

Bado siamini. Asubuhi kati ya nyumba yangu na ya jirani palikuwa na uwazi wa kuanikia mihogo. Kufika alasiri, Mama ana nyumba pale.

Ni ya ule mpango wa nyumba nafuu. Imetoka kiwandani nzima, mlango na madirisha tayari. Niliogopa haitaenea. Wangeirudisha, na Mama angeendelea kulala sebuleni kwangu, kama alivyolala tangu mwenye chumba alichopanga alipomtoa ili apangishe wafanyakazi wa mradi wa gesi. Winchi ilipoishusha nilifumba macho. Nilipofumbua, imekaa! Imebaki nafasi ya mtu kupita kwa ubavu.

"Nani kaijenga?" Mama akamuuliza fundi aliyekuja na lori.

"Kiwanda, bibi."

"Kiwanda si mtu. Nimeuliza nani."

Mama akagonga kuta kwa ngumi, akaingia, akajifungia kwa ufunguo. Alikawia humo hata nikaingiwa na wasiwasi, nikausukuma mlango.

Akafungua kidogo tu. Alikuwa amelia.

"Mwanangu, hapa ni kwangu. Piga hodi."

Nikapiga hodi.