Kitupu Kushoto, Chenye Kitu Kulia

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuage ukiwa umevaa miwani kitandani, ukitaka muuguzi akueleze matone ya dripu yanahesabiwaje.

Ulikuwa mdadisi kupita kiasi. Fundi bomba akija, unapiga magoti naye chini ya sinki. Tukikuuliza habari za maabara, unaweka kijiko chini: "Nachukua ganda la kirusi, naondoa ubaya wake wote, natia jeni moja ya binadamu. Linaingia kwenye seli, linaiacha jeni humo, na seli inajijengea mlango mdogo wa kupitisha chumvi. Mlango huohuo ndio mbovu kwenye moyo wa mjomba wenu." Mjomba, kaka yako, alikuwa hakosi neno: "Basi mwambie huyo fundi wa milango aharakishe."

Nyumbani uligandisha supu kwenye vikopo vidogo, kama vichupa vyako vya kazini, kwa sababu kilichoyeyushwa hakigandishwi tena. Na kabatini, mkebe mtupu ukae kushoto, wenye kitu kulia. Tukikosea unatufokea. Tulidhani ni vituko vyako tu.

Mwezi wa tatu baada ya kukuzika, mwenzako wa maabara alitupigia simu. Vilibaki vichupa vyako viwili, kazi ya miaka minne: kimoja kina jeni, kingine ganda tupu la kulinganishia. Vilishika barafu, akavipangusa kwa spiriti ili asome, wino wako ukatoka wote.

"Si uviyeyushe vyote, uone kipi kinafanya kazi?" dada mkubwa akauliza.

"Nikingoja majibu yaniambie kipi ni kipi, nitakuwa sijapima kitu; lazima nijue kabla. Mama yenu angenicheka."

"Vimekaaje kwenye kisanduku?" kitinda mimba wako akadakia.

"Kimoja kushoto, kimoja kulia."

"Basi cha kushoto ni kitupu."

Mwenzako akakagua visanduku vyako vya zamani, vile vyenye lebo. Vyote ulivipanga hivyo.

Siku tatu baada ya kutia yaliyomo vichupani kwenye seli, alituita. Seli za kichupa cha kushoto zilitoa mstari bapa kwenye skrini. Za kulia, mstari ukapanda, ukatulia, ukashuka: chumvi ilikuwa inapita. Mjomba alivuta kiti akauliza maswali mpaka jioni, mengine tungeapa ni yako. Moyo wake bado unarukaruka, lakini mlango ameuona ukifunguka. Tulilia, Mama, kwa sababu wewe hukuuona.

Kwenye friza ya nyumbani limebaki kopo moja la supu, tarehe kwa mwandiko wako. Tunalitazama, tunafunga. Linayeyushwa mara moja tu, na hatujawa tayari.

Unakumbukwa na mumeo, binti zako wawili, kaka yako, wajukuu wanaouliza kila kitu, na mwenzako wa maabara, ambaye sasa anaandika kwa penseli.

Kwetu utakaa upande wa kulia siku zote.